Soksi ya Mahameli

Belo la mitumba likishakatwa kamba hutoa harufu ambayo mtu aliyelelewa nayo haisahau: dawa ya nondo, vumbi la melini, na harufu ya makabati ya watu ambao hutawajua kamwe. Nyumbani kwetu Kibosho harufu hiyo ililetwa na shangazi yangu Yustina, dada yake baba, miaka ile bei ya kahawa ilipoporomoka na kila mwenye akili akawa anatafuta kitu kingine cha kushika. Shangazi alishika nguo. Alikuwa akiteremka Moshi mjini kukiwa bado na umande, anarudi mchana na mzigo kichwani, kisha anaumwaga barazani, penye cherehani yake ya kukanyaga, na kuanza kuchambua. Hiki cha kuuza hivi hivi, hiki cha kupunguza kiuno, hiki cha kukatakata. Niliruhusiwa kukaa karibu yake kwa sharti moja tu, nisiguse mkasi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali, naye alikuwa mtu wa kujibu huku pini ziko mdomoni, kwa hiyo nusu ya mambo ninayoyajua kuhusu dunia niliyapata yakiwa yamebanwa kati ya meno.

Desemba moja, nikiwa darasa la tatu, ndani ya belo kulikuwa na soksi. Ilikuwa moja tu, nyekundu, ndefu kupita goti la mtu mzima, na mdomoni ina manyoya meupe. Wanawake waliokuja kuchagua nguo waliipokezana wakicheka. Mmoja akauliza huyo mwenyewe ana mguu wa namna gani, na huo wa pili kauacha wapi. Mama akawakonyeza wanyamaze, maana dirisha la Babu lilikuwa wazi. Shangazi, ambaye aliwahi kushona mapazia ya masista kule misheni, akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba hiyo haivaliwi. Watoto wa Ulaya huitundika ukutani mkesha wa Krismasi, na wakiamka wanaikuta imejaa biskuti na pipi. Wanawake wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafikiria kwamba baba mkubwa Sabasi anakuja kutoka Dar es Salaam, kwamba akienda kulala hupita kwenye korido yetu, na kwamba pale koridoni kuna msumari. Kesho yake mama mmoja wa Chekereni aliinunua soksi ile, akisema itamfaa kutunzia mbegu, lakini nilikuwa nimeshaichora kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji.

Babu, baba yake baba, alikuwa amekatwa mguu. Kidonda cha ugonjwa wa sukari kilianza kidoleni, kikapanda, na hospitalini mjini wakaona waukate chini ya goti kabla haujammaliza mwenyewe. Alirudi nyumbani wakati wa masika akiwa na magongo mawili ambayo hakuyagusa, akajifungia chumbani. Wageni waliokuja kumpa pole waliambiwa amelala, hata kama walikuwa wanamsikia akikohoa. Padri alimletea komunyo kitandani, na hata mbele ya padri blanketi lilivutwa mpaka kiunoni, hata kukiwa na joto. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo aliyekiosha na kukifunga kile kigutu alikuwa Mama, na hakuna mwingine aliyewahi kukiona.

Sasa, kwetu Krismasi si siku ya mtu kujificha. Ndiyo majira Wachagga wote waliotawanyika wanaporudi, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, na migombani unasikia watu wakiitana kutoka kihamba hiki cha ukoo hadi kile. Mnyama anachinjwa, nyama inatandazwa juu ya majani ya mgomba, na mkubwa wa nyumba ndiye anayegawa. Kila ndugu ana sehemu yake inayojulikana, naye huitwa na kukabidhiwa mbele ya wote. Tangu nizaliwe, mshika kisu alikuwa Babu. Mwaka ule wakubwa walianza kunong'ona jikoni kwamba asipotoka atagawa baba mkubwa, na kisu kikishahamia mkono mwingine hakitarudi. Mama aliyasema hayo akifuta machozi kwa pindo la kanga, akisingizia moshi. Mimi nilielewa hivi: Babu atakuwa hai, anakula, anakohoa, lakini hatahesabiwa tena.

Hata hivyo nilikuwa mtoto, na akili yangu ilikuwa kwenye biskuti. Shangazi alinipa kipande cha pazia la mahameli, chekundu kama buni iliyoiva mtini, na kwa mara ya kwanza akanikabidhi mkasi. Akanionyesha namna ya kukikunja mara mbili kabla ya kukata. Kisha mteja akaja, Shangazi akageuka kumsikiliza, nami nikaona kukunja ni kupoteza wakati. Nilikata kipande kimoja, nikahamisha karatasi yangu, nikakata cha pili. Mahameli, kwa asiyejua, ina uso na mgongo. Uso una manyoya laini, mgongo ni kitambaa tu. Nilipovikutanisha uso kwa uso kama nilivyomwona Shangazi akifanya siku zote, kidole cha soksi cha upande mmoja kilitazama mlangoni na cha upande wa pili kilitazama mlimani. Nilivigeuza kila namna, havikukubali. Shangazi aliporudi alitoa pini zote mdomoni, jambo lililonionyesha uzito wa hali, kisha akacheka mpaka akashikilia cherehani. Mahameli nyingine hakuwa nayo. Akasema dawa ni moja tu, na kabla sijajibu alikuwa amezikata nyayo zote mbili, akauzungusha mkasi chini pakawa duara, akaniachia nimalizie kwa mkono. Akanipa na flana ya pajama kuukuu niweke bitana. Nilishona nikilia, mshono ukienda kama kuku anayetafuta mahindi. Kilichotoka kilikuwa kitu kirefu, chekundu, laini nje na ndani, ambacho hakikuwa soksi wala hakikuwa mfuko. Nilijua baba mkubwa akikikuta kwenye msumari atadhani ni kofia.

Jioni ile Mama alinituma nimpelekee Babu mtori wa ndizi. Nilikwenda na bakuli mikononi na balaa langu kwapani, maana sikutaka wenzangu walione wanicheke. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nilipoinama kuweka bakuli, soksi ikaniponyoka ikaangukia kitandani. Babu akaiokota. Aliipapasa nje, akaingiza mkono ndani kwenye flana, akaenda nao taratibu mpaka chini kwenye ule mviringo, akauacha hapo. Akaniuliza ni nini, nikasema ni soksi. Akauliza mbona haina unyayo. Ningeanzaje kumweleza habari ya kukunja kitambaa?

"Umenishonea mimi?" akauliza.

Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa hivyo. Ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu. Nilifungua mdomo, na kama ningeachiwa nadhani ningesema ukweli, kwa sababu msumari wa koridoni bado nilikuwa nauona. Lakini Mama alikuwa amefika mlangoni na maji ya kunawa.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Ni yako."

Babu akavuta blanketi pembeni mbele yangu. Ndipo nilipokiona kigutu kwa mara ya kwanza, na hakikunitisha hata kidogo. Kilikuwa ngozi tu, iliyofungwa kwa mshono ulionyooka kuliko wangu. Akakivika soksi mwenyewe, polepole, ikapanda ikapita goti, Mama akaikaza juu kwa utepe. Babu akaitazama, akala mtori wake wote. Mimi nilitoka nimenuna. Nilimkasirikia Mama usiku mzima, na nilikuwa hodari wa kununa.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka misani, nyama ikatandazwa, supu ya kisusio ikaanza kunukia, na baba mkubwa akakunja mikono ya shati lake la Dar. Kisu alikuwa nacho tayari. Hapo mlango wa chumba cha Babu ukafunguka. Yalitangulia magongo, kisha yeye, amevaa koti lake la kanisani, na suruali ameikunja juu ya goti kwa makusudi, mahameli yote iko nje inawaka juani. Watoto wa baba mkubwa walikodoa macho mpaka mama yao akawageuza. Babu alisimama kizingitini akihema, jasho linamtoka, na nilimwona akitazama nyuma kitandani. Kama mtu mmoja angemwonea huruma kwa sauti, nadhani angerudi. Hakuna aliyesema kitu. Basi akasema yeye.

"Mjukuu wangu kanishonea," alisema. "Kisu kiko kwa nani?"

Baba mkubwa alikwenda akampa kwa mikono miwili. Shangazi akaleta kigoda. Babu akagawa, sehemu kwa sehemu, jina kwa jina, na sauti yake ilikuwa inapanda kadiri alivyoendelea, mpaka mwishoni akawa anawatania mashemeji. Nilisahau kununa. Nilikuwa na furaha iliyonifanya nitake kukimbia, nikaizunguka nyumba mbio peke yangu kisha nikarudi kusimama palepale.

Babu aliendelea kugawa kwa miaka mingi, mpaka alipofariki. Siku hizi naishi Moshi mjini, na Desemba ikifika maduka yanatundika soksi nyekundu zilizotoka kiwandani, nyayo zake zikiwa kamili, zote zikitazama upande mmoja. Wanangu wanazo. Nazijaza biskuti na sioni ubaya wowote. Ningekuwa mnafiki kusema utoto wa taabu ni mtamu kuliko wao. Tunapanda Kibosho kwa lami dakika chache, na nyama anagawa baba mkubwa ambaye sasa ni mzee. Ninachowaonea huruma wanangu ni kimoja tu, kwamba vitu vyao vyote vinakuja vikiwa havina kosa, kwa hiyo haviwezi kumfaa mtu mwingine. Mimi nimeshukuru kwa mengi maishani, lakini kwa kosa langu lile la mkasi nashukuru kuliko kwa mambo mengi niliyoyapatia. Krismasi iliyopita nilimuuliza Mama ni nini kilimfanya ajibu haraka vile, ilhali alijua ile soksi ilikuwa yangu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Miezi yote ile nikimwosha, hakuwahi kutaka kitu," alisema. "Siku ile alitaka. Ningemnyimaje?"