Noti ya Fanuel

Hapa soko la Rodi Kopany siku hizi hakuna anayeleta saa itengenezwe, simu zilizimaliza, lakini Nyangau fundi saa hakufunga kibanda chake. Ile lenzi yake ya kubana jichoni ilipata kazi nyingine. Madalali walipita sokoni wakieneza habari kwamba noti za wakati wa mkoloni zinanunuliwa na Wazungu kwa mamilioni, na watu wakaanza kumletea zao azikague. Mimi nashona nguo kibanda cha pili, kwa hiyo niliyaona yote.

Nyangau hakuwa na maneno matamu. Alipapasa wino kwa ukucha, akainua noti juani kutafuta picha iliyofichwa ndani ya karatasi, kisha akatazama michoro kwa lenzi. Noti halali ina mistari myembamba isiyokatika. Ya kuigizwa kwa mashine ni vidoadoa vitupu. "Kopi," alisema kila mara, na kukurudishia. Mama mmoja alimtemea mate. Mara ngapi nilimgombeza kwamba hana huruma! Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu alikuja Fanuel, mvuvi wa kisiwa cha Remba, akishikwa mkono na binti yake Millicent. Saratani ilikuwa imemkausha na hospitali ilishamrudisha nyumbani. Alikuwa ameuza mashua na injini yake kununua kwa dalali noti moja yenye picha ya mfalme wa Uingereza, ili awaachie watoto kitu.

"Angalia poa, omera, ndugu yangu," alimwambia Nyangau. "Nataka nijue kabla sijaenda."

Nyangau akaangalia. Karatasi ilikuwa imelowekwa kwenye chai, rangi moja kila mahali, hata kwenye mikunjo ambako noti iliyotumika huchakaa kwanza. Vidoadoa tele. Alipoinua uso, Millicent, aliyesimama nyuma ya baba yake, alikuwa akimtikisia kichwa polepole huku machozi yakimtoka.

"Ni ya kweli, mzee," Nyangau akasema.

Fanuel alilia kwa furaha. Nami nilifurahi, nikampelekea Nyangau kikombe cha chai na kumwambia kwamba leo amekuwa mtu. Wiki tatu baadaye tulisikia Fanuel amezikwa.

Kisha akaja Willis, mdogo wake Fanuel, mkulima wa Rangwe, na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na noti tatu za mfalme. Nyangau hakuhitaji hata lenzi, kwa maana zote tatu zilikuwa na namba ileile.

"Hizi ni kopi, Willis."

"Kopi aje? Ya Fanuel si ulisema ni orijino? Nimenunua kwa dalali huyo huyo. Nimeuza shamba juu ya neno lako. Soko yote inajua wewe hudanganyi mtu."

Nyangau alimrudishia zile noti. "Ya Fanuel pia ilikuwa kopi. Alikuwa anakufa. Nilimhurumia."

Willis hakupiga kelele, na heri angepiga. Alizipanga zile noti mezani moja moja.

"Ulimhurumia yeye," alisema. "Na mimi je? Niko na watoto saba, na mwenye alinunua anataka tuhame Ijumaa."

Nyangau akageuka kunitazama mimi. Nikainamisha macho kwenye cherehani.