Jina la Gogo Nisiloweza Kulitaja

Jamani, mimi sielewi. Juzi tumemzika Gogo Rakeli hapa Sosiot, na leo nimetoka kazini nikapitia kwake kama kawaida. Nilishabisha hodi ndipo nikakumbuka.

Kwa wasiomjua: gogo ni bibi kwa lugha ya huku, naye alikuwa mwenye nyumba wangu na rafiki yangu, ingawa alikuwa anakaribia miaka mia. Mimi niko ofisi ya kiwanda cha chai. Kila jioni alikuwa ananingoja nitoke shift anipige maswali nani kafukuzwa leo.

Mwanangu alipolia wiki nzima, mama alinipigia kutoka kwetu ziwani, ati kuna marehemu anataka mtoto apewe jina lake. Gogo akaja na Biblia na gripe water. "Atieno, huyo ni tumbo, si babu." Kweli, ilikuwa tumbo!

Huku kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa akina mama humwitia majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na ugoro kidogo puani. Jina analopigia chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Gogo hakutaka hata kusikia hiyo habari.

Alianzia mbali. Miaka ya thelathini, kampuni za chai zikifungua mashamba, baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki, akabatizwa. Ndugu mdogo wa Gogo alipozaliwa, baba alisimama mlangoni akawazuia akina mama na ugoro wao. Akaomba mwenyewe: "Mungu wa Abrahamu, wa Isaka, wa Yakobo..."

Mtoto akapiga chafya.

Weh! Vigelegele huko nje! Bibi yao akauliza, "Huyo Yakobo ni wa ukoo gani?" Akashinda akizunguka kwa wazee akitafuta mtu anayemkumbuka.

Baba akasema Bwana ameshinda. Bibi akasema mila imeshinda. Gogo alikuwa kasichana tu, akaenda kucheka nyuma ya ghala.

Lakini alipokua alishika njia ya baba. Watoto wake wote aliwaombea tu, mawifi wakamnunia miaka na miaka. Na mwezi uliopita, mjukuu wake Chebet akiwa mjamzito, Gogo aliwaambia wamama wa kanisa: "Huyo mtoto akija, jina langu lisiitwe. Mimi nitakuwa kwa Bwana, sitakuwa na nafasi."

Sasa nisaidieni. Wiki yake ya mwisho alinituma Kapsoit nimnunulie ugoro. Gogo na ugoro! Nikamuuliza ni wa nini. "Wa mtoto wa Chebet," akageukia ukuta.

Aliogopa? Alibadilisha mawazo? Au alianza kutukosa kabla hata hajaondoka? Nimelia mpaka nimemkasirikia.

Leo Chebet ametoka hospitali na mtoto wa kike, wameletwa hapa kwa Gogo. Shangazi zake wananiuliza mimi, mtu wa ziwani: "Wewe ndiye ulikuwa naye. Alisemaje?" Nimewaambia yote mawili na nimeweka ugoro mezani. Hakuna aliyeugusa, na hakuna aliyeuondoa.

Mtoto wamenipa mimi nimshike. Amelala. Tangu aingie, hakuna anayetaja jina la marehemu humu ndani, asije akapiga chafya. Hata wanaolia wanalia bila jina. Ndiyo maana naandika huku, Gogo. Nataka kukuaga na naogopa kukuita.

Lala salama, Rakeli. Nimeandika tu, sijasema.