Penina na Mianzi ya Korongoni

Upande wa Mvumi, anayetaka tenga la kuku lisilovunjika humwendea Penina. Ana miaka hamsini na sita, na mianzi ya korongoni anaijua kama mama anavyowajua wanawe. Hakati ya pembeni. Hiyo ni michanga, ingawa ndiyo iliyo karibu na mkono. Yeye hupiga magoti akapenya hadi katikati ya kichaka, kwenye mianzi iliyokomaa, akikwepa viota vya kanga na malalo ya digidigi.

Juni hii shemeji yake Matonya, mwenyekiti wa kitongoji, alipoteza kuku tisa kwa wiki mbili. Asubuhi moja akatangaza kwamba Jumamosi kichaka kitachomwa, kwa kuwa ndimo alalamo fungo mwizi.

Penina alimfuata asubuhi hiyohiyo.

"Shemeji, unachoma kaya mia kwa kosa la mmoja?"

"Kaya za nani? Za kanga na nyoka?" Matonya akacheka. "Wewe unalilia matenga yako."

"Nayalilia, sikatai. Na kanga pia. Kwani fungo aliingiaje bandani? Ulimfungulia ukamkaribisha ugali?"

"Banda nimelisuka mwenyewe!"

"Ndiyo maana nauliza."

Wakaenda bandani, watoto wa Matonya nyuma yao. Penina aliinama, akabonyeza ufito mmoja wa mwanzi kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Vumbi kama unga wa mtama likamwagika. Dumuzi, wadudu watoboao mianzi, walikuwa wamemaliza ukuta wote wa nyuma, na chini palikuwa na tundu la kupita mbwa.

"Mianzi hii uliikata lini?"

"Machi," Matonya akanong'ona.

"Mvua zikinyesha, tena ya pembeni. Mwanzi mchanga una utamu, dumuzi hawauachi. Uvivu wa kupiga magoti ndio uliokula kuku wako, shemeji."

Kukosolewa mbele ya wanao si jambo dogo. Wengi wangewasha moto ule kwa hasira tu, na wangekuwa wapumbavu mara mbili. Jumamosi watu walipokusanyika na viberiti, Matonya alisimama akasema, "Rudini makwenu. Banda langu ndilo bovu." Heshima yake haikupungua hata punje.

Jumatatu Penina alimpa panga, akamtanguliza kichakani kwa magoti. Digidigi akachomoka mbele ya pua yake. Mwenyekiti akapiga yowe.

"Msalimie mwenyeji wako," alisema Penina nyuma yake, "kisha songa mbele. Iliyokomaa bado iko mbali."