Siku Niliyojiita Baba Shiru

Niliacha shule mapema, kwa hiyo nikisikia mtu akifundisha, lazima nisimame. Juzi sikutaka kurudi chumbani kwangu Kariobangi, ambako hakuna anayeningoja. Nikaingia bustani ya wanyama, nikakuta watoto wanaosomea nyumbani wakifundishwa kuhusu fisi. Nikajipenyeza kati ya wazazi, nikitikisa kichwa kama mlipa karo. Kiherehere kikanizidi, nikauliza fisi huzaa wangapi.

"Swali zuri!" mwalimu akasema. "Na wewe ni baba nani?"

Nikaogopa kufukuzwa, nikataja jina la kwanza lililonijia.

"Baba Shiru."

Wazazi wakageuka kunitazama. Msichana mmoja akaacha kutazama fisi, akanikazia macho, akamvuta mamake mkono.

"Mami, baba yangu ndiye huyu?"