Kigoda cha Konsolata

Siku zile nazikumbuka kwa harufu ya wino, mjukuu wangu. Nilikuwa msichana, nikinakili michoro katika ofisi ya wahandisi hapa Kigoma. Aliyenifundisha ni Mzee Sebastiani, mchoraji wa mitambo aliyekimbia vita Burundi. Yeye naye alifundishwa ujanani na Mbelgiji mmoja mkali, aliyeichana karatasi yoyote yenye doa.

Akimaliza kazi za ofisi, mzee alichora nyumba yake ya Rumonge. Kuta alizichora kwa mstari mzima. Lakini kigoda kimoja karibu na jiko alikichora kwa mstari wa vipande vipande, kama tunavyochora bomba linalopita chini ya sakafu. Kilikuwa cha mkewe, Konsolata. Walipotezana wakati wa kukimbia, na kila boti ya wakimbizi ilipofika, mzee aliacha kalamu akateremka ufukweni kutazama nyuso.

Nilimhurumia, na ujana nao una kiherehere chake. Nikamwambia, "Samahani, mzee. Hicho kigoda si ukifute tu, upumzike?"

Hakukasirika. Alipangusa kalamu kwa kitambaa, akasema kwa Kirundi chao, "Oya, hapana, binti. Bomba lisipochorwa kwa kuwa halionekani, mwingine atakuja kulitoboa. Nikikifuta, nadanganya. Nikikichora kwa mstari mzima, nadanganya pia. Kipo, ila sikioni."

Amani iliporudi, alirudi kwao peke yake, mchoro kwapani. Sikupata tena habari zake. Mpaka leo honi ya meli ikilia bandarini, natamani nishuke nikamtazame.

Nakueleza haya kwa sababu jana nilikuona ukifuta namba ya baba yako kwenye simu. Tangu avuke kwenda Kongo hajarudi, na maneno ya watu yamekuchosha. Hata mimi niliyemzaa nimechoka. Lakini usimfute. Wala usifanye kama mimi bibi yako, ninayempakulia baba yako chakula kila jioni nikijidai yuko njiani.

Sahani yake leo nimeiosha, nikaiweka kabatini. Sitaigawa. Nawe iandike tena ile namba. Ikipiga siku moja, pokea. Isipopiga, iache ikae mahali pake, nawe uende shule, ucheke, uishi.

Mungu akutunze, mwanangu, hapa ninapokuona. Na baba yako amtunze huko nisikomwona.