Tangi Nyuma ya Kiti cha Noreen

Trevor Varley hakuwahi kununua kitu alichoweza kukitengeneza mwenyewe. Kengele ya mlango wake ilitoka kwenye baiskeli ya posta, meza yake ya kulia chakula ilikuwa zamani mlango wa kanisa lililobomolewa. Sisi majirani zake hapa Colne, kwenye vilima vya Lancashire, tulikuwa tukimtania kwamba siku akifa tutalikuta jeneza lake liko tayari kule bandani, limeshapigwa rangi mara mbili. Tangu Novemba ya mwaka juzi hatumtanii tena hivyo.

Yeye na kaka yake Neville walisafisha madirisha ya mji huu kwa miaka thelathini na moja. Walikuwa na nyumba mia tatu, kila moja ikipata zamu yake kila baada ya wiki nne. Jioni kabla ya zamu yao watu waliacha geti la nyuma bila komeo, na asubuhi wakaweka vikombe viwili vya chai juu ya ukuta. Neville, mkubwa, alipanda ngazi kwa madirisha ya juu. Trevor alibaki chini na madirisha ya chini, na ndiye aliyetunza vifaa vyote. Baba yao ndiye aliyewagawia kazi hivyo, na hakuna aliyefikiria kubadili. Trevor hakuoa. Kila Jumapili alikula nyama ya kuokwa na viazi kwa Neville na mkewe Noreen, na kiti chake pale mezani hakikukaliwa na mtu mwingine hata Krismasi.

Siku ile walikuwa kwa mzee Sagar. Ua wake umetandazwa mawe, na mawe ya kwetu yakinyeshewa wiki mbili mfululizo huota ukijani unaoteleza kama sabuni. Ngazi ilichomoka chini. Neville aliangukia kichogo, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakwenda. Mchunguzi wa vifo aliuliza maswali machache, akaandika kuwa ni ajali, na watu wote wakaona ameandika sawa.

Siku tatu baada ya mazishi Trevor alikuja jikoni kwangu. Hakuvua koti. Aliniambia kwamba kiatu cha ngazi, kile kipande cha mpira kinachovishwa mguu wa ngazi ili usiteleze, kilikuwa kimekwisha tangu kiangazi. Dukani vipo. Yeye alikata kipande cha tairi la trekta, akakipiga skrubu mbili, akaona kazi imekwisha. Neville alipoanguka mguu mmoja wa ngazi ulikuwa mtupu. Trevor alirudi uani kwa mzee Sagar mara mbili kukitafuta kile kipande, asikione.

"Nimwambie Noreen?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikaongeza kwamba Noreen alikuwa na mzigo wa kutosha. Methali yenyewe haina kosa, ila mimi niliitumia kumziba mtu mdomo, na nilifanya hivyo kwa sababu sikutaka kuwa karibu siku atakaposema. Trevor alishukuru, akaenda zake.

Mwezi wa pili akajaribu kupanda ngazi. Nilikuwa dirishani kwangu. Alifika kipandio cha tatu, miguu ikaanza kumtetemeka mpaka ngazi nzima ikagonga ukuta, akashuka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wateja walikuwa wameshaanza kuuliza. Wiki mbili tatu zaidi, nyumba zile mia tatu zingechukuliwa na watu wengine, na Trevor hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Noreen ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Akamwambia shemeji yake kwamba nusu ya zile nyumba zilikuwa za mumewe, kwa hiyo sasa ni zake, na kwamba amechoka kuzungumza na kuta. Watanunua gari na ile brashi ya mpini mrefu inayopandisha maji juu yenyewe, waachane na ngazi kabisa. Trevor ataosha. Yeye atakaa mbele pamoja naye, ataburuta mpira wa maji, ataongea na wateja.

"Ila mimi sipandi kitu chochote, Trev," alisema. "Na wewe hupandi."

Tukaenda sote watatu Brierfield, mji wa jirani, kwa Zulfiqar, ambaye huuza vifaa hivyo na kuvifunga kwenye magari. Nilidhani atatusifia mipini. Alituonyesha, ndiyo: ile ya nyuzi za kioo, nzito na inayopindapinda, na ile ya kaboni ambayo Trevor aliiinua kwa mkono mmoja. Alituonyesha machujio pia, na kipimo kidogo ambacho lazima kisome sifuri, kwa sababu maji yakishatolewa chumvi zote hukauka juu ya kioo bila kuacha doa na hayahitaji tambara. Trevor alikunja uso aliposikia habari ya kutofuta. Lakini muda mwingi Zulfiqar aliuzungumzia uzito.

"Mzee wangu, brashi haijaua mtu," alisema. "Kinachoua ni maji. Lita moja, kilo moja. Ukibeba lita mia sita umebeba ng'ombe. Ukifunga breki mlimani gari litasimama, lakini ng'ombe hana habari ya breki yako."

Akatuonyesha tangi bapa lenye kuta ndani za kuzuia maji yasikimbie huku na huku, limekaa kwenye fremu ya chuma, na boliti nene zimepita sakafuni mpaka kwenye chesisi. Akatuambia tusome kwanza kibao cha mlangoni kinachosema gari linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, ndipo tulipende gari. Noreen aliuliza maswali mengi. Trevor hakuuliza hata moja, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Alinunua mpini wa kaboni na machujio, kwa sababu hivyo hakuweza kuvitengeneza. Mengine akasema atayamaliza nyumbani.

"Fremu ile ni chuma tu, jirani," aliniambia. "Chuma na maneno mengi."

Akamwambia Noreen amwachie yeye, na Noreen, ambaye siku hizo alikuwa akifungasha nguo za Neville, akamwachia. Trevor akapata kigari kidogo kilichokuwa cha muuza maua, bado kinanukia mayungiyungi. Kwa mkulima mmoja kule Trawden akapata lile tangi jeupe la mraba ambalo wakulima hulitumia kunyweshea kondoo, la lita mia sita. Kibao cha mlangoni kilisema kilo mia tano na hamsini, watu wakiwemo. Trevor alikisoma, na mimi nilikisoma. Akasema atajaza nusu. Mimi nimeendesha basi kwenye vilima hivi miaka ishirini na sita, na najua kwamba maji yakiwa nusu yanapata nafasi ya kukimbia. Nilimwambia, lakini kwa mzaha, naye akajibu kwa mzaha, mambo yakaishia hapo.

Tangi alilifunga kwa mikanda mitatu ya kufungia mizigo na vipande vya mbao. Mkanda wa tatu niliukaza mimi kwa mikono yangu.

Jumamosi akalijaribu. Alishuka na mtaa polepole mpaka karibu na shule, paka akavuka, akafunga breki. Mlio niliusikia nikiwa mlangoni kwangu. Nilipofika, Trevor alikuwa amesimama nyuma ya gari, milango wazi. Mbao zilikuwa zimevunjika, tangi limetembea mbele, na nyuma ya kiti cha abiria palikuwa pamebonyea shimo la kutosha kuingiza ngumi. Trevor alisogeza mkono akapima lile shimo, kisha akaurudisha mfukoni.

"Nitaongeza mkanda wa nne," akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilisema neno, lakini sikusema.

Jumatatu asubuhi ilikuwa siku ya kuanza. Mkanda wa nne ulikuwepo, na mbao mpya. Noreen alikuja na chupa ya chai, pai mbili za viazi kwenye karatasi, na kofia ya Neville kichwani, kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Akaniamkia. Akalizunguka gari mara moja, akayacheka kidogo yale maua yaliyochorwa ubavuni, akaingia upande wa abiria. Nyumba ya kwanza ilikuwa chini kabisa ya mteremko wa kanisani, ambao ndio mkali kuliko yote mjini.

Akafunga mkanda wake. Trevor akaingia upande wake, akawasha injini. Mimi nilisimama kando ya barabara nikiwa na kikombe mkononi. Nilijua wanakokwenda na nilijua kilichokuwa nyuma ya kile kiti. Gari likanguruma pale pale bila kuondoka. Kisha Trevor akazima, akachomoa ufunguo.

"Shuka, shemeji," akasema.

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

Akashuka. Trevor akaja akasimama mbele yake, ufunguo ameukamata kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba tangi limefungwa kwa mikanda tu, kwamba Jumamosi lilitembea, na akamwonyesha shimo kwenye mgongo wa kiti alichokuwa amekikalia. Halafu, bila kuvuta pumzi, akamwambia habari ya kiatu cha ngazi. Alitaja lile tairi la trekta na zile skrubu mbili, akasema kile cha dukani hakikuwa hata na bei ya mlo.

Noreen hakulia. Alifungua mkoba wake, akaingiza mkono chini ya leso na funguo, akatoa kipande cheusi cha mpira chenye matundu mawili. Alikiweka juu ya boneti.

"Kilikuwa kwenye majani chini ya ukuta wa Sagar," alisema. "Nilikiokota siku ile ile, wewe ukiwa kwenye gari la wagonjwa na Neville. Niliujua mkato wako. Mishumaa yangu yote ya mezani imekaa kwenye vitu ulivyokata hivyo."

"Miezi minne, Noreen. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu. Nilitaka useme mwenyewe." Akakitazama kiti. "Na leo ungenipeleka mlimani hivi. Nilikuwa nimeshafunga mkanda, Trev."

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa ameelewa kwamba na mimi nilijua. Akaokota kile kipande, akakirudisha mkobani, akaondoka kwa miguu akipandisha mtaa, na pai zikabaki kwenye kiti.

Jumapili mbili zilipita Trevor hajaitwa mezani. Ya pili nilimpelekea sahani, akaipokea mlangoni na kufunga. Nilijaribu kumwambia kwamba na mimi nina sehemu yangu. Akanitazama kwa uchovu, akasema kila mtu abebe yake.

Wiki ya tatu Noreen akaja na gari. Alikuwa amekwenda kwa Zulfiqar peke yake, kwa basi, na kofia ya Neville. Gari lilikuwa kubwa kuliko lile la maua, tangi lilikuwa dogo, lita mia tatu na hamsini, ambazo Zulfiqar alimwambia zinatosha watu wawili kwa siku ikiwa hawamwagi ovyo. Fremu ilikuwa ya chuma, na kati ya tangi na viti palikuwa na ukuta wa bati nene. Alimpungia Trevor mkono aje atazame. Trevor akainama chini ya gari, akazihesabu boliti kwa kidole, sita, kila moja na bamba lake. Akakaa chini huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Brashi utashika wewe," Noreen alimwambia alipotoka. "Gari ni langu, na hugusi kitu humo bila mimi kujua."

Nyumba ya kwanza Noreen aliitaka iwe ya mzee Sagar. Mzee alikuwa ameacha geti wazi tangu jioni, na vikombe viwili viko ukutani kama zamani. Noreen aliburuta mpira wa maji, akasimama juu ya yale mawe, pale pale, na Trevor akaupandisha mpini kipande kwa kipande mpaka brashi ikagusa dirisha la juu. Maji yakashuka na kumlowesha Trevor mabega. Alipomaliza, mzee Sagar akatoka akalalamika kwamba kioo kimeachwa kinachuruzika, Neville asingekiacha hivyo.

"Yaache," Noreen akamwambia. "Yatakauka yenyewe."

Wakangoja wote watatu uani, chai inapoa. Baada ya robo saa kioo kilikuwa kimekauka na hakikuwa na doa hata moja. Mzee Sagar akavua miwani, akaivaa tena, akaingia ndani. Trevor ndiye aliyelia, amesimama, mpini mkononi.

Sasa ni mwaka na zaidi. Jumapili Trevor anakula kule tena, ingawa mazungumzo, nasikia, ni machache. Sijui kama amesamehewa na sitamuuliza Noreen, maana nimejifunza kuhusu maswali. Najua ninachokiona kila asubuhi kutoka mlangoni kwangu. Kabla hawajaondoka Noreen hufungua milango ya nyuma, huchukua spana, akaijaribu kila boliti, zote sita. Trevor husimama kando, mikono mfukoni, hamsaidii.

"Umeridhika, shemeji?" humuuliza.

"Leo, ndiyo," Noreen hujibu, akafunga milango, akaenda kukaa mbele.