Khitma Iliyovuka Maji

Mama alipovuka kutoka Unguja kuja Bagamoyo, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilidhani amekuja kunitazama tu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nasomesha skuli pale, na nimepanga chumba kwa mjane mmoja muuza vitumbua. Nilipopokea furushi la mama nikaliona zito kuliko nguo. Ndani, chini ya iliki na zabibu, mlikuwa na juzuu thelathini za khitma, zile wanazogawiwa wasomaji.

"Hizi si za kumsomea baba nyumbani?" nikauliza.

"Zisomwe na nani?"

Baba alikuwa ametimiza mwaka tangu afe, na mtaani kwetu Unguja vyama vya siasa vilikuwa vimewagawa watu mpaka makaburini. Wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile, hamziki maiti wake, hali sinia lake. Mama alipoanza kualika, kila upande ulimuuliza: mwanao ni wetu au wao? Maana likizo iliyopita nilikunywa kahawa kwenye baraza ya hawa, na kesho yake kwenye baraza ya wale. Mimi niliona kahawa. Wao waliona mpelelezi.

"Chagua kimoja, baba," alisema mama. "Chochote. Nijue wa kumwalika."

"Siviamini vyote viwili."

"Nani kakwambia uamini? Nakwambia useme."

Nikamweleza kwamba wahutubiaji wa pande zote mbili walitumia maneno yale yale, kwamba hakuna aliyenijibu hata swali moja, na kwamba mimi nimekwisha kuhama, ya huko hayanihusu. Nilisema vizuri, kama niko darasani. Mama alinisikiliza huku akichambua zabibu.

"Hayakuhusu," akasema. "Na baba yako je?"

Mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akitusikiliza wala hajifichi, akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Dada, usijichoshe. Huyu ukimwambia mwezi umeandama, anataka aushike! Khitma isomwe hapa hapa. Watu wa Bagamoyo kusoma wanajua, na kula wanajua zaidi."

"Hawakumjua marehemu."

"Watauliza, wataambiwa."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wakaja: majirani, walimu wenzangu, na muuza mkaa wa Mapinga aliyekuwa akipita, akaona watu wanavua viatu mlangoni, naye akavua vyake. Kila mtu akapewa juzuu yake. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Nilikuwa na maswali mengi hata kuhusu faida ya kuwasomea wafu, lakini juzuu yangu niliisoma mpaka mwisho.

Masinia yalipotua, mzee mmoja akauliza kazi ya marehemu. Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Alikuwa fundi saa. Za watu zote zilikwenda. Ya nyumbani kwake haikupata kwenda hata siku moja."

Ukumbi mzima ukacheka. Wakauliza tena, naye akasimulia tena, sauti yake ikizidi kupanda. Nikajiambia kwamba mambo yamekwisha.

Walipoondoka, tukawa tunaosha masinia uani.

"Wamesoma vizuri, Mungu awalipe," alisema mama. "Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, namkumbuka."

Nilisugua sinia lililokwisha kutakata. Waliomkumbuka walikuwa kule, wa baraza zote mbili, na saa alizozitengeneza bado ziko mifukoni mwao. Chama cha kuchagua bado nilikuwa sina. Ila neno lile, hayanihusu, sikuweza kulirudia mbele yake.

"Likizo nitakuja," nikasema. "Sijui tu nitakaa baraza ipi."

Mama alikuwa anazifunga juzuu ndani ya kanga.

"Utakaa kwenu. Kahawa nitapika mimi. Atakayetaka kuja kuinywa, na aje."